Neno "Ndugu" Katika Jalada la Maalim Maye

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho changu cha kazi. Vijana wa ukalimani wakanikatia keki, wakaniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu. Nadhani walitaka mambo ya kuchekesha, kama yule bibi aliyekataa kukaa kwenye kiti kwa sababu kilielekea mlango wa choo, au yule wakili aliyesinzia miwani ikiwa bado wima puani. Hayo yapo. Nimeyaandika mara mbili, nikayachana mara mbili, kwa sababu kila nikianza kalamu inanipeleka kwa mtu mmoja, na habari zake hazichekeshi. Vyeo sitavizungumza. Mkalimani hana cheo, ana kiti tu, na kiti chenyewe huwekwa pembeni.

Jina langu ni Rukia. Nimezaliwa Malindi, na kabla ya kuja huku nilifundisha Kifaransa katika shule ya wasichana Mombasa. Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya tisini kumfuata mume wangu, aliyekuwa karani ubalozini. Mwaka wa kwanza niliupitisha nikiosha vyombo na kuitazama mvua. Kisha ikaja simu kutoka ofisi inayosikiliza maombi ya hifadhi. Walikuwa na mkalimani wa Kiswahili, mtu wa Bukavu, lakini mwombaji wa siku hiyo alitoka pwani, na wawili hao walikuwa wamekaa nusu saa wakiulizana hali bila kuelewana. Je, ningeweza kuja? Nilivaa viatu vya harusi, maana ndivyo pekee vilivyokuwa na kisigino, nikaenda.

Mtu huyo wa Bukavu alikuwa Papa Baltazari, na kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Hakuniona mshindani. Alinichukua hadi kwenye mkahawa mmoja ndani ya Galerie d'Ixelles, katikati ya saluni mbili, mahali ambapo kahawa ilinukia dawa ya nywele, akanipa somo kama padre anayefundisha katekisimu. Tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino hukataa mkono ukitoka jasho. Tumia daftari la kurasa zinazochanika, na uzichane zote kabla hujatoka. Omba glasi ya maji hata kama huna kiu, ili mwombaji naye apewe. Halafu akaja kwenye jambo lenyewe.

"Maman Rukia," akasema, "akisema 'niliogopa', na weye sema 'niliogopa'. Ukisema 'anasema aliogopa', le monsieur, ule afisa, ataanza kukuangalia weye, na ule muntu atabaki peke yake."

Ni kanuni rahisi mpaka uitumie. Wiki ya pili nilikaa karibu na mama mmoja wa umri wangu, nikafungua mdomo, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba nimewazika wanangu wawili kando ya barabara. Sikuwa na mtoto hata mmoja. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumpikia mume wangu.

Kanuni ya pili aliirudia mara nyingi kuliko ya kwanza. "Ile neno ndugu iko na mitego. Kwetu ndugu ni wa tumbo moja, ni mutoto wa tonton, wa mujomba, ni muntu wa kanisa, ni voisin wa nyumba ya pili. Kwa Kifaransa frère ni frère, kaka wa tumbo moja tu. Donc, usikimbie. Uliza kwanza: tumbo moja?"

Niliuliza hivyo kwa miaka miwili bila kukosa. Mwezi wa Januari wa baridi yangu ya tatu kazini, nilikosa.

Siku hiyo nilipewa jalada la Msomali aliyeomba kusikilizwa kwa Kiswahili. Afisa, mwanamume mwembamba mwenye sweta ya kijivu, alikuwa ameshaanza kuona kasoro kabla hatujakaa. Msomali anataka Kiswahili cha nini? Je, si Mkenya huyu? Mwombaji alikuwa ameketi mkono mmoja gotini, koti la msaada alilovaa likiwa na vifungo upande wa kike. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Jina lake lilikuwa Maye Haji Abukar, mwalimu, na baadaye nilimwita Maalim Maye.

Alijibu bila haraka. Alizaliwa Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambako watu wamezungumza Kiswahili chao tangu mababu. Kisomali alikijua vizuri, ndicho alichofundisha na kuandikia. Ila mkalimani wa Kisomali aliyemwona kwenye korido alikuwa wa jamaa za wale walioingia mjini kwao na bunduki, na yeye Maalim Maye alikuwa ameacha mke na binti kambini Mombasa. Hakutaka maneno yake yatangulie kufika huko kabla yake.

Kiswahili chake nilikisikia kama wimbo wa jirani ninaoujua nusu. Alisema chiti, sisi tukisema kiti, na chisu kwa kisu. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili chetu, lakini siku ile ilinibidi nimsimamishe mara tatu nimwombe arudie. Mara ya tatu afisa aliweka kalamu mezani, akaniuliza kama kweli nilikuwa ninamwelewa mtu huyu, au amwite mwingine.

Nilisema ninamwelewa.

Aliulizwa kazi yake ya uandishi. Alikuwa ametoa riwaya moja mjini Mogadishu, miaka michache kabla ya vita, habari za karani wa posta katika mji mdogo. Serikali inamwamuru karani afungue barua za watu. Barua za mahabusi zinakuja, za wake zao zinakwenda, na zote zinaishia mezani kwake. Siku moja anaanza kuzijibu. Anawaandikia wake kama waume, anawaandikia waume kama wake, mpaka mji mzima unaishi kwa barua za mtu mmoja. Kitabu kilikaa madukani wiki mbili, kikaondolewa, na mwandishi akahamishiwa shule ya mbali. Afisa akaomba kukiona. Maalim Maye akasema nakala yake iliungua pamoja na nyumba. Nilitafsiri yote hayo nikiwa nimesahau nilipo. Nilitaka kujua karani alifikia wapi.

Halafu akaulizwa siku waliyoingiliwa. Akasema walikuja baada ya sala ya alfajiri, wakamkuta mlangoni ndugu yake Nuru, wakampiga risasi, yeye akitazama kutoka ndani. Akasema, "Ndugu yangu aliwaambia mimi sipo." Nami nikasema kwa Kifaransa, kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa: kaka yangu aliwaambia sipo.

Swali nililijua. Lilikuwa ulimini. Lakini ningemsimamisha mara ya nne, na ile kalamu ingewekwa tena mezani. Mume wangu wakati huo alikuwa ameshahamia kwa mtu mwingine, na kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea kuwa na kazi. Vijana, sitawaambia nilichoka au lahaja ilikuwa ngumu. Nilijiogopea mimi.

Jibu lilitoka Aprili. Nililiona kwa sababu wakili wake, mwanamke kijana mwenye sauti ya mafua mwaka mzima, aliniita nimsaidie kumweleza. Ombi limekataliwa. Mwombaji ameshindwa kuthibitisha kwamba ni mwandishi. Zaidi ya hayo, katika fomu aliyojaza siku ya kuwasili aliandika kwamba wazazi wake walizaa watoto watatu, yeye na dada wawili, ilhali kwenye mahojiano amedai kaka yake aliuawa mbele ya macho yake. Mgongano huo unagusa kiini cha maelezo yake. Nilimsomea sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza, kisha akaniuliza neno moja tu, "mgongano", Wafaransa wanalisemaje.

Wakili akamuuliza huyo Nuru ni nani. Ni mtoto wa mama yake mdogo, akasema. Walilelewa pamoja, walinyonya ziwa moja. Wakili aliandika, akasema ataeleza hivyo kwenye rufani, ila wanaweza kusema ni uongo uliotungwa baadaye. Hakunitazama. Hakujua neno "ndugu" lilivyo, na mimi sikumwambia.

Nilimwambia Papa Baltazari. Tulikuwa mkahawani kwetu, na alingoja mpaka saluni ya kushoto wakazima redio. Hakunigombeza. Alisema kitu cha kufanya ni kimoja: andika, tia sahihi, mupe avocat, ule wakili. Akasema pia kwamba ofisi itaacha kuniita. "Watakuondoa kwa liste, maman. Mi sitakudanganya."

Niliandika usiku huohuo kurasa mbili. Nilieleza neno lenyewe, kanuni ya kuuliza, na kwamba siku hiyo sikuuliza. Nikaikunja barua, nikaitia kwenye mkoba. Kesho yake niliitwa kazini, nikaenda, na barua ikabaki mkobani. Nilijiambia nitaipeleka kibali changu kikiongezwa. Kiliongezwa Juni. Nikajiambia wakili ameshaeleza, itatosha. Papa Baltazari aliniuliza mara moja tu kama nimeipeleka, nikamjibu ndiyo. Nilibadilisha mkoba wakati wa vuli, na barua nikaihamisha pia, kwa uangalifu, kama mtu anayehamisha dawa ya moyo.

Muda wote huo Maalim Maye alikuwa akingoja katika kituo cha wakimbizi nje ya jiji, jengo lililokuwa kambi ya jeshi. Kila Alhamisi alikuja kwa treni hadi Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kupiga simu kambini Mombasa, kwenye kibanda cha simu nyuma ya duka la samaki wakavu. Hapo nilimkuta, na hapo tulianza kunywa kahawa. Mkalimani hatakiwi kufanya urafiki na mwombaji, hilo mnalijua na mimi nililijua. Papa Baltazari akipita alitazama upande wa pili.

Alinieleza jinsi alivyoandika kitabu chake. Mkewe, Amina, hakusoma Kisomali. Kwa hiyo kila sura alimsomea kwa sauti na kumfasiria, yeye akishona kofia. Sindano ikisimama, mume alijua mahali hapo ni pazuri. Sindano ikiendelea, alifuta. Nilimuuliza anaandika nini sasa. Akasema ana daftari, na ndani yake kuna mwanzo wa riwaya ishirini na mbili, zote ukurasa mmoja mmoja.

Barua niliipeleka Januari, miezi tisa baada ya kuiandika. Kilichonisukuma hakikuwa ushujaa. Nilimkuta nje ya kibanda cha simu, ameegemea ukuta, akaniambia binti yake Zeituni, mwenye miaka kumi na miwili, aliyepokea simu siku hiyo badala ya mama yake, alikuwa amemuuliza kwa simu sauti hii ni ya nani. Nilikwenda moja kwa moja kwa wakili. Alisoma kurasa zote mbili nikiwa nimesimama, akatazama tarehe ya juu, akanitazama mimi. Alisema ataiweka kwenye jalada leo hii. Tarehe hakuitaja. Ofisi, kama ilivyotabiriwa, haikuniita kwa miezi mitano.

Wakili huyohuyo ndiye aliyekipata kitabu. Alikuwa ameandikia vyuo vikuu vya nchi kadhaa, na mhadhiri mmoja mstaafu, mama wa Kiitaliano aliyewahi kufundisha Mogadishu, akajibu kwamba nakala anayo, iko kwenye rafu juu ya kitanda chake. Hakuituma tu, aliitafsiri kwa Kifaransa. Mchapishaji mdogo wa mtaa wa Saint-Josse, mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mapazia, akaitoa. Gazeti moja likaandika kwamba karani huyu wa posta ni miongoni mwa wahusika wakubwa wa zama zetu. Jingine likarudia maneno hayo bila kusema yametoka wapi. Kabla mwaka haujaisha, riwaya ilipewa tuzo ya kitabu bora cha kigeni kilichotafsiriwa, na picha ya Maalim Maye, ndani ya koti lilelile la vifungo vya kike, ikabandikwa kwenye dirisha la duka la vitabu la barabara ya Chaussée d'Ixelles. Alikuwa bado analala kwenye kitanda cha juu, chumba cha watu sita.

Hafla ya tuzo ilipangwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wenye viti vyekundu. Niliombwa kutafsiri. Jumatano yake alinipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema Amina amefariki kambini, ni homa ya siku nne, na wameshamzika. Zeituni yuko kwa jirani. Nilisema nitawaambia waandaaji waahirishe.

"Usiwaambie kitu," akasema. "Hawa watu hawanijui. Watanililia kwa jinsi ya kwao, nami sitaweza."

Alikuja, amepiga pasi shati. Mwendeshaji wa hafla, bwana mchangamfu mwenye skafu, alimuuliza juu ya uhamisho, juu ya lugha, juu ya barua. Alijibu vizuri. Watu waliandika. Mwisho akaulizwa swali wanaloulizwa waandishi wote, kwamba anamwandikia nani.

"Namwandikia mke wangu," akasema.

Nami nikasema kwa Kifaransa: namwandikia mke wangu. Ukumbi ukapiga makofi. Bwana wa skafu akatabasamu, akauliza kama mama huyo yupo nasi leo, ili nao wamwone.

"Hayupo," Maalim Maye akasema.

Nikasema: hayupo. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upole, kama mnavyocheka kwa bibi aliyebaki jikoni. Papa Baltazari alinifundisha kusema "mimi" ili mwombaji asibaki peke yake. Siku ile nilisema "mimi" na tukabaki peke yetu wote wawili, mbele ya viti mia mbili. Baadaye walimpa kitu cha kioo chenye jina lake, wakamshika mkono mmoja mmoja. Treni yake ya kurudi kituoni ilikuwa saa kumi na moja.

Uamuzi wa rufani ulitoka masika iliyofuata. Ametambuliwa kuwa mkimbizi. Magazeti yalikwisha kumtambua kabla ya serikali, na kwa Kifaransa pande zote mbili zilitumia neno lilelile, reconnu. Nilimsomea karatasi ofisini kwa wakili. Ilitaja kitabu. Kisha, ukurasa wa nne, ilisema kwamba suala la kaka wa mwombaji halina uzito tena, kwa kuwa maana ya neno alilotumia imeelezwa vya kutosha na mkalimani mwenyewe, katika barua iliyoko kwenye jalada.

Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti isiyotikisika. Kazi imenipa hilo. Barua ilikuwa imetosha. Kutoka kupokelewa kwa barua hadi uamuzi ilipita miezi kumi na minne. Mngeweza kuondoa ile tisa ya mkobani mkaona Amina angekuwa wapi. Mimi nimeiondoa mara nyingi.

Zeituni aliletwa mwaka huo, msichana mrefu aliyemwita baba yake "wewe". Walipata vyumba viwili kwenye kichochoro kinachotokea Chaussée d'Ixelles. Alikwenda shule, akajifunza Kifaransa kwa kasi, na jioni alikuwa akimsomea baba yake barua za manispaa. Mchapishaji aliomba kitabu cha pili, kwanza kwa furaha, halafu kwa adabu, halafu akaacha. Maalim Maye alipata kazi ya kukunja mashuka katika kiwanda cha kufulia. Aliniambia kazi hiyo inamfaa, kwa sababu shuka likikunjwa limekwisha. Aliishi miaka michache tu baada ya hapo, moyo ukasimama. Magazeti yakamwandika tena.

Kabla ya hayo, Jumapili moja ya mvua, nilikwenda kumwambia. Zeituni alikuwa kwa rafiki yake. Tulikaa jikoni, nikamweleza lile neno, kalamu iliyowekwa mezani, swali nililolimeza. Nilisema yote bila kulia. Alinisikiliza, akaondoa chai motoni.

"Nilisikia," akasema. "Kiitaliano nilikisoma utotoni, na kinakaribiana na Kifaransa. Uliposema frère nilijua umesema nini."

Nilimuuliza kwa nini hakunisahihisha.

"Ningesemaje? Kwamba Nuru si ndugu yangu? Amekufa akinificha mimi. Halafu nikae pale nimpunguze mbele ya mgeni, awe mtoto wa mama mdogo?" Akanimiminia chai. "Ulisema vizuri, mwanangu. Ungeniuliza, labda ningejibu vilevile. Usilibebe hilo."

Sikuweza kunywa. Alidhani ni shukrani. Tulizungumza habari za shule ya Zeituni, kisha nikaaga, naye akachukua mwavuli anisindikize, ingawa nilimkataza. Tulisimama kituo cha basi, mwavuli akiuinamishia upande wangu, bega lake likilowa. Hakuwa akijua lolote juu ya barua iliyokaa mkobani miezi tisa. Wakili hakumwambia. Nilikuwa nimekuja na maneno hayo pia, nimeyapanga tangu nyumbani, na nikaona jinsi uso wake ulivyokuwa mwepesi kwa kuwa amenisamehe, nikayameza.

Basi lilichelewa sana siku hiyo. Dakika ishirini, labda zaidi. Muda ulikuwepo.